Kutafuta enzaimu inayodumu kwenye joto: kutoka kwenye chemchemi ya majimoto mpaka kwenye grafu

Unakuta mtu ametoka na bakteria wake kwenye chemchemi ya majimoto, amepima enzaimu kwenye nyuzi 80, ndani ya dakika tano rangi imebadilika, anafurahi na kuandika kwenye ripoti kwamba enzaimu yake inastahimili joto. Hapo bado hajapima ustahimilivu. Alichopima ni kasi, yaani enzaimu imekimbia vizuri kwa dakika tano, sasa je ikikaa nusu saa kwenye joto hilohilo itakuwa bado ipo? Hilo ndo swali atakalokuuliza mtu yeyote anayetaka kuitumia, awe wa kiwandani au wa maabara ya DNA, na huu mwongozo wote nimeupanga ili ukifika mwisho uwe na jibu lake kwa namba.

Nitatumia amilesi, ile enzaimu inayovunja wanga, kwa sababu wanga na iodini tu vinakufikisha mbali, ila mtiririko ni uleule ukitafuta protisi (inayovunja protini) au lipesi (inayovunja mafuta). Nyuzi zote ni za selsiasi. Nachukulia unajua kazi za kawaida za maabara ya vijidudu, kama kuua vijidudu kwenye vifaa kwa otoklevu, kuchora bakteria kwenye sahani za petri na kutumia pipeti, na kama hujawahi kabisa basi tafuta mtu wa kusimama naye mara mbili tatu za mwanzo.

Hatua ya 1: kibali, alafu uhai wako

Kibali kwanza, na kiwe cha maandishi. Mwaka 1966 Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichukua sampuli kwenye chemchemi za hifadhi ya Yellowstone kule Marekani, mwaka 1969 wakamtangaza bakteria waliyemwita Thermus aquaticus, na kutoka kwake ikaja kupatikana Taq, enzaimu ya kunakili DNA iliyoifanya PCR, yaani njia ya kuzidisha DNA kwa kuipasha na kuipoza mara nyingi, iwe kitu cha kila maabara. Mwaka 1991 kampuni ya dawa ya Roche ilinunua haki za PCR kutoka kampuni ya Cetus kwa dola milioni 300. Hifadhi yenyewe haikupata kitu. Siku hizi kuna Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa 2010 na kuanza kutumika 2014, inayohusu ruhusa ya kuchukua viumbe na namna ya kugawana faida, kwa hiyo muombe ruhusa anayesimamia eneo, ongea na wenyeji wanaoitumia hiyo chemchemi, na sema wazi kama unafanya utafiti tu au kuna siku unaweza kuuza kitu. Ukinyamaza leo alafu enzaimu ikaja kuwa nzuri kweli, utakuwa na kitu huwezi kukitumia popote kwa uhalali, na kwa upande wa wenye chemchemi huo ni wizi tu hata ukiupamba vipi.

Sasa usalama. Ardhi ya pembeni mwa chemchemi inaweza kuonekana ngumu kama sakafu kumbe ni gamba jembamba la madini na chini yake ni maji yanayochemka. Yellowstone peke yake imeshapoteza watu zaidi ya 20 kwa kuungua kwenye maji ya moto. Usiende peke yako, pita tu panapopitika, chotea na mti au fimbo ndefu iliyofungwa chupa kwa mbele, vaa viatu vilivyoziba na suruali ndefu. Ukisikia harufu ya yai bovu ni haidrojeni salfaidi, na hatari yake kubwa ni kwamba ikizidi sana pua inaacha kuisikia, kwa hiyo harufu ikikatika ghafla wakati hujasogea usidhani hewa imekuwa safi, ondoka uende upepo unakotokea. Na yale maji ya vuguvugu yanayoshawishi kuogelea, usiyaingize puani hata tone, kuna amiba anaitwa Naegleria fowleri anapenda maji ya joto mpaka nyuzi 46 hivi na akiingia kupitia puani anashambulia ubongo.

Hatua ya 2: kuchota

Kabla hujatoa hata kipimajoto, angalia rangi. Kwenye mkondo unaotoka kwenye jicho la chemchemi yenye maji yasiyo na asidi utaona karibu na jicho hakuna kijani, alafu kuna mahali utando wa kijani au wa njano unaanza kama mtu amepiga mstari, ukienda mbele unageuka rangi ya chungwa na kahawia. Pale kijani kinapoanzia ni kama nyuzi 73 au 74, kwa sababu juu ya hapo bakteria wanaotumia mwanga kujitengenezea chakula hawawezi kuishi. Kwa hiyo chemchemi yenyewe imeshakuonyesha nyuzi 70 ziko wapi. Mi nachukua sehemu tatu: juu ya huo mstari, palepale kwenye mstari, na chini yake kidogo kwenye nyuzi 60 hivi.

Kila sehemu chukua maji, tope la chini, na kipande cha utando au kokoto yenye ute, kwa sababu bakteria wengi wanashikamana na vitu na maji matupu mara nyingi yana wachache. Tumia chupa safi iliyopita otoklevu. Pima joto na pH palepale, usiseme utapima ukifika, pH ya maji ya chemchemi inabadilika yakipoa na gesi zikitoka. Andika kwa penseli kwenye lebo, wino unayeyuka na mvuke.

Watu wengi wanahangaika kubeba sampuli kwenye chupa ya chai ili zisipoe. Sio lazima. Bakteria hawa wakipoa wengi wao wanasimama tu kukua, hawafi, siku moja mbili kwenye joto la kawaida haina shida. Kinachowaumiza zaidi ni kugandishwa bila kinga na kukaa kwenye chupa iliyojaa pomoni bila nafasi ya hewa.

Kama huna chemchemi karibu, Brock na Freeze walimpata Thermus hata kwenye maji ya moto ya bomba. Tangi la maji ya moto lililokaa miaka bila kusafishwa linastahili kuangaliwa.

Hatua ya 3: kuotesha, na kwa nini chakula kiwe chepesi

Hapa ndo pana somo kubwa la Brock na Freeze. Kabla yao watu walikuwa wanaotesha sampuli za moto kwenye nyuzi 55 kwa chakula kizito, na kila siku wanapata bakteria walewale wa jamii ya bacillus wanaotengeneza spora. Wao wakapandisha joto mpaka 70 na kupunguza chakula, akatokea bakteria mwingine kabisa ambaye alikuwepo muda wote.

Chakula chao cha msingi kwa lita moja ni triptoni gramu 1 na dondoo ya hamira gramu 1, basi, pamoja na chumvi za madini kidogo kidogo, na pH unaiweka kwenye 7.5 mpaka 8 hivi kama chemchemi yako sio ya asidi. Ukikosa zile chumvi zote, chuja maji ya chemchemi yenyewe, yapitishe otoklevu, tumia hayo kuyeyushia. Kwa sababu tunatafuta amilesi ongeza wanga unaoyeyuka gramu 5. Ukishawishika kuongeza triptoni mara kumi ili waote haraka, utawapa nafasi wale wa haraka na wa jamii ya Thermus wengi watakataa.

Chukua chupa ya kuoteshea ya mililita 250, weka mililita 50 tu za chakula, ongeza mililita 1 au gramu 1 ya sampuli. Nafasi kubwa ya hewa ni muhimu maana maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo sana. Fanya seti mbili, moja nyuzi 60 na nyingine nyuzi 70, ziache siku moja mpaka tatu. Kwenye 60 tegemea kupata zaidi Geobacillus na Anoxybacillus, ambao kwa amilesi ni wazuri tu, usiwadharau. Ila kumbuka Geobacillus anatengeneza spora na spora zake ziko hata kwenye udongo wa kawaida usio na joto lolote, kwa hiyo kumkuta kwenye chemchemi hakuthibitishi kwamba anaishi pale, pengine kaletwa na vumbi tu.

Maji yakianza kuwa na ukungu, hamisha mililita 1 kwenye chakula kipya. Rudia mara mbili.

Hatua ya 4: sahani ambazo hazikauki

Agari ya kawaida ya asilimia 1.5 kwenye nyuzi 70 inatoa maji, inalegea na inakauka kama ngozi kwa siku moja. Weka asilimia 3. Ukitaka kupanda juu ya 75 achana na agari, tumia gelani (kigandishi kingine kinachostahimili joto zaidi), asilimia 0.8 mpaka 1, na usisahau kuweka magnesiamu au kalsiamu kwenye chakula kwa sababu bila hizo gelani haishikani.

Mimina sahani nene, geuza juu chini ili matone ya mfuniko yasidondokee bakteria na kuwachanganya, zifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi yenye unyevu, na ndani ya inkubeta weka bakuli la maji. Sahani za kwanza nilizowahi kuweka kwenye 70 nilizifunga kwa mkanda tu kama za bakteria wa kawaida, kesho yake nikakuta vipande vyembamba vimejikunja pembeni ya sahani, wiki nzima ya kuotesha imeenda.

Hatua ya 5: iodini, na mtego wake

Kabla ya iodini hamisha kila koloni kwenye sahani ya pili kwa kijiti, weka namba zilezile, kwa sababu iodini inaua. Alafu chukua myeyusho wa iodini (gramu 1 ya iodini na gramu 2 za potasiamu iodaidi kwenye mililita 300 za maji unatosha kabisa), mwagia sahani mpaka ifunikwe, subiri nusu dakika, mwaga.

Kama mambo yako sawa utaona sahani nzima imekuwa bluu nzito karibu na nyeusi, na kuzunguka baadhi ya makoloni kuna duara la wazi, ukingo wake una rangi ya zambarau au wekundu kidogo pale ambapo wanga umevunjwa nusu. Lile duara linaonyesha enzaimu imetoka nje ya bakteria na kwenda kula.

Mtego sasa: rangi ya bluu ya wanga na iodini inapotea kwenye joto. Chukua tyubu yenye wanga na iodini uipashe moto, bluu inaisha mbele ya macho yako, iache ipoe, inarudi. Kwa hiyo ukitoa sahani kwenye inkubeta ya 70 na kumwagia iodini hapohapo, unaweza kuona sahani nzima imekuwa nyeupe ukadhani bakteria wako wamekula wanga wote. Acha sahani ipoe kabisa mezani, dakika 30 au zaidi kwa sahani nene, ndo umwage. Kitu hichohicho kitakusumbua kwenye tyubu baadaye, kwa hiyo kishike.

Usichague mshindi kwa ukubwa wa duara peke yake. Koloni lililotangulia kuota lina duara kubwa kwa sababu limepata muda mwingi, na duara halisemi chochote kuhusu kudumu. Chukua hata wale wenye duara dogo, kumi hivi kwa kuanzia.

Hatua ya 6: kusafisha na kuhifadhi

Chora kila mmoja kwenye sahani mpya, chukua koloni moja, rudia mpaka mara tatu na uangalie kwa darubini wawe wa sura moja. Weka akiba kwenye gliseroli asilimia 20, nyuzi hasi 80. Usiruke hii hata kama una haraka, maana ukipata enzaimu nzuri alafu bakteria amekufa kwenye sahani huna kitu. Kumtambua jina unaweza kusoma jeni lake la 16S kwa kutumia praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzia kunakili) 27F na 1492R, na kazi hiyo inafanywa na Taq, enzaimu ya majimoto ikikutajia jina la jirani yake.

Hatua ya 7: kupata enzaimu ghafi

Otesha bakteria kwenye chakula cha maji chenye wanga, saa 24 mpaka 48, kwenye joto analolipenda. Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 10,000 dakika 15, bakteria wanabaki chini, maji ya juu ndo enzaimu yako ghafi. Ongeza kalsiamu kloraidi ifike milimola 2 au zaidi, kwa sababu amilesi nyingi zinashikilia kalsiamu ndani ya umbo lao kama msumari unaoshika mbao, ikitoka umbo linalegea kwa joto dogo tu. Kwa sababu hiyohiyo usiweke EDTA, kemikali inayonyakua kalsiamu, na kuwa makini na bafa (myeyusho wa kushikilia pH) ya fosfeti kwa kuwa inashikana na kalsiamu na kuganda nayo.

Na hapa nataka niongelee bafa ya Tris, kwa sababu nimeona kazi nzuri za watu zikiharibika hapa. Tris inashuka pH kama 0.03 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukiiweka 8.0 kwenye nyuzi 25 alafu ukapimia kwenye 80, kule ndani ya tyubu ni kama 6.4. Unadhani unapima athari ya joto kumbe unapima athari ya asidi. Bafa ya PCR mara nyingi inawekwa pH 8.3 mpaka 8.8 kwenye joto la chumba kwa kulijua hilo. Tumia HEPES au MOPS, zinashuka karibu nusu ya hapo, na pH uirekebishe kwenye joto la kazi au upige hesabu uongeze mapema.

Hatua ya 8: kasi

Hii ni fupi. Pasha myeyusho wa wanga asilimia 1 kwenye joto unalopimia, ongeza enzaimu, subiri dakika 10, simamisha kwa kemikali ya DNS ambayo ina alkali kali, chemsha dakika 5, poza, soma kwenye nanomita 540. Njano ikigeuka kahawia nyekundu maana yake sukari imetoka. Rudia kwenye 50, 60, 70, 80 na 90.

Tyubu ya kulinganishia ndo ina ujanja wake. Vitabu vingi vinasema chemsha enzaimu kwanza ili ife alafu uitumie kama sifuri. Kwa enzaimu ya majimoto usifanye hivyo! Dakika 5 za kuchemka inaweza isife, ikaendelea kufanya kazi kwenye tyubu unayoiita sifuri, na ukiitoa kwenye hesabu unajipunjia. Weka DNS kwanza, alafu enzaimu, iue kwa alkali.

Hatua ya 9: kudumu

Sasa ndo tumefika. Hapa enzaimu inakaa kwenye joto peke yake bila wanga, unachomoa kidogo kidogo kwa muda tofauti, alafu zote unazipima kwa joto moja la kawaida la kazi, tuseme 60. Kuteseka kunafanyika kwenye 80, kupima kunafanyika kwenye 60, usichanganye.

Gawa enzaimu mikrolita 50 kwenye tyubu ndogo nyembamba za PCR, tyubu moja kwa kila muda, dakika 0, 5, 10, 20, 40 na 60, kila muda ziwe tatu. Sio tyubu moja kubwa unayoifungua kila saa. Tyubu ya mililita moja inachukua dakika kadhaa mpaka katikati yake pafike 80, na kwa enzaimu inayokufa haraka hizo dakika ndo jaribio lenyewe. Zipashe kwenye mashine ya PCR kama unayo, kwa sababu mfuniko wake una joto. Ukitumia bloku ya kawaida, angalia kwa karibu chini ya vifuniko baada ya dakika 20: matone madogo ya maji yamejipanga kwenye kila kifuniko, na maji yaliyopanda kule juu yameacha enzaimu chini ikiwa nzito zaidi, kwa hiyo namba zako zinapanda wakati enzaimu inakufa. Tone la mafuta ya madini juu ya myeyusho linazuia hilo, hata PCR za mwanzo zilifanywa hivyo. Ukitoa tyubu weka kwenye barafu hapohapo, alafu izungushe kidogo kwenye sentrifuji matone yarudi chini.

Alafu kuna kosa ambalo naliona kubwa kuliko yote na linatokea kwa watu makini kabisa, nalo ni kuweka enzaimu nyingi. Fikiria umeweka nyingi mno, ndani ya dakika 10 wanga wote umekwisha. Sasa nusu ya enzaimu ikifa kwenye joto, ile nusu iliyobaki bado inatosha kumaliza wanga wote ndani ya dakika 10, unasoma namba ileile, unaandika kwamba imebaki asilimia 100. Robo tatu ikifa inaweza kuwa hivyohivyo. Unapata enzaimu ya ajabu kwenye karatasi, anayekuja kurudia anaona haipo. Dawa yake ni kupima kwanza enzaimu isiyopashwa kwa viwango vinne: nzima, nusu, robo, na moja ya nane. Kama ya nusu haikupi nusu ya rangi, punguza tena. Ukifika pale ambapo nusu inatoa nusu na robo inatoa robo, hapo ndo pa kufanyia kazi.

Hesabu sasa. Chukua nguvu iliyobaki kwa kila muda ugawe kwa ya dakika 0, tafuta logariti asilia, chora dhidi ya muda. Mstari ukinyooka, mwinamo wake ndo kasi ya kufa, na 0.693 ukigawa kwa hiyo kasi unapata nusu-uhai, yaani muda wa enzaimu kubaki nusu. Tuseme baada ya dakika 10 imebaki asilimia 80, baada ya 20 asilimia 64, baada ya 40 asilimia 41. Logariti ya 0.8 ni hasi 0.223, gawa kwa 10 unapata 0.0223 kwa dakika, nusu-uhai ni dakika 31. Mstari ukishuka kwa kasi alafu ukalala, pengine una enzaimu mbili kwenye maji yako ghafi, moja dhaifu na moja imara. Hiyo imara ndo ya kuifuata.

Kulinganisha, Taq kwenye nyuzi 92.5 ina nusu-uhai wa zaidi ya saa mbili, kwenye 95 ni dakika 40 hivi, na kwenye 97.5 ni dakika 9 hivi. Angalia hapo nyuzi mbili na nusu zimefanya nini! Ndo maana kusema tu "inastahimili joto" bila kutaja nyuzi ngapi na dakika ngapi ni sawa na hujasema. PCR ya mizunguko 30, kila mmoja sekunde 30 kwenye 95, jumla ni dakika 15, kwa hiyo Taq inamaliza ikiwa na kama asilimia 77 ya nguvu yake. Kabla yake walitumia polimeresi (enzaimu ya kunakili DNA) ya E. coli, bakteria wa kawaida wa maabara asiye wa majimoto, inakufa kila mzunguko, mtu anakaa pale anafungua tyubu kuongeza nyingine kila baada ya kupasha.

Rudia jaribio ukiwa umeongeza wanga kidogo ndani ya tyubu zinazopashwa, alafu jingine ukiwa na kalsiamu zaidi, ukikumbuka kutoa kwenye hesabu sukari iliyotoka wakati wa kupashwa. Enzaimu nyingi zinadumu zaidi zikiwa zimeshika chakula chao, na kiwandani itakuwa na wanga muda wote, kwa hiyo namba hiyo nayo ni ya kweli, mradi useme umeipataje. Kuna pia protisi kwenye maji ghafi zinazokula amilesi yako taratibu, kwa hiyo kabla hujalaumu joto weka tyubu nyingine kwenye nyuzi 40 kwa muda uleule, ikipungua hata huko basi anayeila sio joto.

Na usimkatie tamaa bakteria kwa sababu anaota kwenye 55 tu. Amilesi ya Bacillus licheniformis, bakteria ambaye hata sio wa majimoto, inatumika viwandani kulainisha uji wa wanga kwenye nyuzi 105 kwa dakika chache alafu kwenye 95 kwa saa moja mpaka mbili. Joto la bakteria linakupa pa kuanzia, joto la enzaimu lazima ulipime lenyewe.

Hatua ya 10: ukishapata ya kweli

Kama nusu-uhai inaridhisha, njia ya kawaida ni kuhamishia jeni lake kwenye E. coli, kwa sababu E. coli anaota haraka na kwa wingi. Na hapo joto linakuwa rafiki yako. Pasua bakteria, pasha mchanganyiko kwenye nyuzi 75 kwa nusu saa mpaka saa moja, kama enzaimu yako inakaa hapo bila kufa, na utaona maji yaliyokuwa ya njano hafifu yanaanza kuwa na mawingu, alafu yanaganda vipande vyeupe kama ute wa yai kwenye maji ya moto. Hizo ni protini za E. coli zinakufa karibu zote kwa pamoja. Zungusha kwenye sentrifuji, tupa uchafu mweupe wa chini, maji safi ya juu yana enzaimu yako ikiwa imebaki karibu peke yake. Taq ya kujitengenezea maabara inaanza kusafishwa hivyohivyo.

Hifadhi kwenye gliseroli asilimia 50, nyuzi hasi 20, ambapo haigandi, na igawe kwenye tyubu ndogo ili usiwe unaitoa na kuirudisha kila siku. Baada ya mwezi chukua moja urudie hatua ya 9 kwa enzaimu ileile, bafa ileile, dakika zilezile, na uiweke grafu ya pili juu ya ile ya kwanza.